Laptopu Imekuwa Bubu? Anzia Kwenye Tundu la Hedifoni

Ukitafuta mshukiwa wa kwanza wa laptopu iliyopoteza sauti huku Daudi, wilayani Mbulu, anza na waya wa sabufa. Laptopu nyingi za vijiji vyetu hazikai mapajani mwa mtu mmoja aliyevaa hedifoni zake. Zinakaa juu ya meza ya steshenari pembeni ya printa, kwenye ofisi ya walimu, au kwenye kiti cha plastiki mbele ya wanakwaya, na mara nyingi kuna waya umechomekwa ubavuni ukielekea kwenye sabufa au mixa. Waya huo ni mzito kuliko wa hedifoni. Unalala sakafuni, mtoto anapita anaukwaa, mteja anavuta kiti, na kila mvuto unaishia kwenye kitundu cha milimita 3.5. Siku moja unachomoa waya, unabonyeza wimbo, laptopu iko kimya. Ukiurudisha waya, sabufa inaimba kama jana.

Ishike vizuri dalili hiyo, maana imekupunguzia kazi zaidi ya nusu. Kama sabufa inalia, chipu ya sauti ni nzima, faili la wimbo ni zima, na Windows inaweza kuucheza. Wamebaki washukiwa wawili: spika za ndani zenyewe, au laptopu inayoamini kwamba pini bado imo. Mafundi wenye haraka humkamata yule wa kwanza na kukuambia spika zimeungua. Mimi naanza na wa pili. Laptopu nyingi zina spika mbili, ya kushoto na ya kulia, na spika inayokufa huanza kwa kukwaruza na kupasua sauti. Mbili zilizokuwa nzima asubuhi kunyamaza pamoja jioni, bila chai kumwagika wala mashine kuanguka, ni jambo la nadra. Tena kulichunguza tundu ni bure, na spika mpya si bure, hasa kwa mtu anayeishi mahali ambapo kipuri kisipopatikana Mbulu mjini kinafuatwa Babati au Arusha, na nauli inaweza kuizidi bei ya kipuri.

Tundu kunyamazisha spika ni jambo la zamani kuliko kompyuta. Aliyewahi kumiliki redio ya betri yenye tundu la kisikizio anakumbuka: ukichomeka kisikizio, spika inanyamaza papo hapo. Ndani ya tundu mlikuwa na kilimi chembamba cha shaba kilichogusana na chenzake, na umeme wa kwenda kwenye spika ulipita hapo. Pini ikiingia inakisukuma, vilimi vinaachana, spika inakatika. Mtindo huo ulitoka kwenye mitambo ya kuunganishia simu ya karne ya 19, ile ambayo mhudumu alihamisha nyaya kwa mkono kutoka tundu moja hadi jingine. Pini yake kubwa ya milimita 6.35 ndiyo ambayo mpiga gitaa wa kwaya anaichomeka hadi leo. Ile ndogo ya milimita 3.5 ilienea pamoja na redio za transista, kisha Sony ikaipeleka dunia nzima kwa Walkman yake ya mwaka 1979.

Laptopu za kisasa zimekibakiza kilimi ila zimekibadilishia kazi. Tangu Intel ilipotoa mwaka 2004 utaratibu wa sauti unaoitwa High Definition Audio, kwa kawaida umeme wa spika haupiti tena kwenye tundu. Kilimi kimekuwa kama mlinzi wa getini: kazi yake ni kutoa taarifa kwamba pini imeingia au imetoka. Chipu ya sauti inapokea taarifa, draiva inaamua kuzinyamazisha spika au kuzifungulia. Uongo basi unaweza kutoka sehemu mbili. Huenda kilimi kimepinda, kimeshika kutu au kimenaswa na uchafu, kinaendelea kusema pini imo. Au huenda kilimi kimesema kweli, na programu haikusikia. Dawa ya tatizo moja haiponyi lingine, na ndiyo maana mtu anaweza kuweka Windows upya mara kadhaa bila kupata hata mlio.

Kipimo cha tundu ni hiki. Chomoa kila kitu kwenye laptopu. Cheza wimbo uliomo ndani ya mashine yenyewe. Video ya mtandaoni iache, bando likisuasua utachanganya matatizo mawili. Bofya alama ya spika chini kulia mwa skrini usome jina la kifaa kinachopokea sauti. Kwenye Windows 11 itakubidi ubonyeze kishale kilicho pembeni ya mstari wa sauti ndipo majina yajitokeze. Ukikuta imeandikwa "Headphones" na ubavuni hamna kitu, mwongo umeshampata. Baadhi ya laptopu huandika spika na hedifoni kwa jina moja, na hapo jina halikusaidii. Tazama badala yake kiwango cha sauti unapochomeka na kuchomoa hedifoni, kwa sababu mashine nyingi hukumbuka kiwango kimoja cha spika na kingine cha hedifoni. Namba ikiruka kutoka 80 kwenda 34 pini ilipoingia, na ikarudi ilipotoka, kilimi kinafanya kazi na unapaswa kumtafuta mkosaji kwingine. Namba ikikaa palepale, huenda tundu limekwama.

Kuna hali ya tatu. Jina linasema "Speakers", vijimstari vya kijani kwenye ukurasa wa sauti vinapanda na kushuka na wimbo, lakini husikii kitu. Hapo ndipo spika zenyewe, au waya wao mwembamba unaopita ndani, unapoanza kushukiwa kwa haki. Ila kama laptopu ni ya zamani sana, ya enzi zile za kilimi kupitisha umeme wa spika, tundu bovu linaweza kuleta dalili hiyohiyo bila kompyuta kujua chochote. Na ukikuta alama ya spika ina msalaba mwekundu na ujumbe kwamba hakuna kifaa cha sauti kabisa, usihangaike na tundu. Hiyo ni draiva au bodi.

Walimu wa kwaya watanisamehe nikitaja dalili nyingine ambayo wao ndio huigundua mapema. Umechomeka hedifoni, ala zinasikika, kinanda kinasikika, ila mwimbaji kiongozi amepotelea mbali kama anaimbia bondeni. Watu hulaumu studio. Kilichotokea ni kwamba sehemu ya pini inayobeba waya wa pamoja, ule unaorudisha umeme wa masikio yote mawili, haijagusa vizuri ndani ya tundu. Unachosikia ni tofauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia, na kwa kuwa sauti ya mwimbaji hurekodiwa sawasawa pande zote, inajifuta yenyewe. Izungushe pini kidogo au isukume hadi mwisho. Mwimbaji akirudi, una habari kamili: vilimi vya tundu hilo vimechoka au vimechafuka, hata kama spika za ndani bado hazijanyamaza.

Kabla hujashika kifaa chochote, ondoa mambo madogo. Angalia kitufe cha kunyamazisha sauti kwenye kibodi, maana katika mashine nyingine kina taa ndogo ambayo mchana haionekani. Kama laptopu imeunganishwa na televisheni au projekta kwa waya wa HDMI, huenda sauti imehamia huko. Na kama jana ulicheza nyimbo kwa spika ya bluetooth, huenda spika hiyo iko chumba cha pili, imewaka, na inapokea kila kitu bila wewe kujua.

Kisha programu. Anza kwa kuchagua "Restart", usichague "Shut down". Windows 10 na 11 zina desturi ya kutojizima kabisa unapochagua "Shut down". Zinahifadhi sehemu ya kumbukumbu ili ziwake haraka asubuhi, na kosa la jana linaamka nazo. Kama hali haijabadilika, ingia kwenye "Device Manager", ifute kadi ya sauti, uwashe upya na kuiacha Windows iitambue tena. Mashine za mtumba, ambazo ndizo nyingi kwetu, zimefutwa na kuwekewa Windows na muuzaji, na mara nyingi zimebaki na draiva ya jumla isiyojua tundu lao limeunganishwaje. Draiva sahihi iko kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, Dell, HP, Lenovo au nyingineyo, na utaipata kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini. Programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja zikwepe. Nyingi huleta matangazo, na nyingine huleta virusi.

Katika laptopu zenye chipu ya Realtek, tafuta programu ya Realtek kwenye orodha ya programu. Za zamani zinaitwa Realtek HD Audio Manager, za karibuni Realtek Audio Console. Katika baadhi ya matoleo kuna mahali pa kuzima utambuzi wa tundu. Ukiuzima, mashine inaacha kukisikiliza kilimi na spika zinafunguliwa. Nasema baadhi kwa sababu watengenezaji wa laptopu hukificha kitufe hicho wanavyotaka. Watumiaji wa Linux wana bahati zaidi hapa. Fungua dirisha la amri, andika alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi ya sauti, nenda kwa mshale hadi "Auto-Mute Mode" uizime. Ukiona herufi MM chini ya nguzo ya spika, bonyeza M kuifungua, kisha ipandishe. Laptopu nyingi zenye tundu lililokwama zimerudi kuimba kwa njia hiyo bila kufunguliwa hata skrubu moja.

Linux ina faida nyingine hata kwa asiyeitumia. Omba mtu mwenye flashi iliyowekwa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, washa laptopu kutoka kwenye flashi hiyo bila kusakinisha, ucheze sauti. Ikitoka kwenye spika, kosa liko kwenye Windows yako, na usimruhusu mtu akufungulie mashine. Isipotoka, na Ubuntu nayo inadai hedifoni zipo, tundu ndilo. Kwa mwalimu au mwenye steshenari anayetegemea mashine moja, flashi ya namna hiyo kwenye droo ni mali. Faili lake ni la gigabaiti kadhaa, hivyo lipakue siku utakapokuwa kwenye mtandao wa bure au bando la usiku.

Wenye MacBook Pro za kabla ya mwaka 2016 watazame ndani ya tundu mashine ikiwa imewaka. Wakiona mwanga mwekundu, laptopu inadhani imechomekewa waya wa sauti wa mwanga, kwa kuwa matundu yao yalitengenezwa kupokea aina zote mbili. Swichi ndogo ya ndani imenasa. Kuchomeka na kuchomoa pini kwa upole mara nyingi huizindua.

Sasa usafi, na hapa sitakwenda haraka, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu kilichokuwa kizima. Daudi iko kwenye nyanda za juu za Mbulu, na mwaka wetu una maadui wawili wa tundu la wazi. Kiangazi kinaleta vumbi jekundu linaloingia hata kwenye begi lililofungwa zipu, hasa begi likiwa mgongoni kwenye bodaboda, na mahindi yakivunwa kuna makapi yanayopeperuka hadi ndani ya nyumba. Masika yanaleta ukungu na baridi. Laptopu iliyokaa nje asubuhi ya ubaridi na kuingizwa kwenye chumba chenye joto la jiko inapata unyevu juu ya kila chuma chake. Vumbi likishika unyevu linakuwa tope jembamba, tope likikauka linakishikilia kilimi mahali kisipopaswa kuwa.

Zima laptopu, chomoa chaji, na kama betri inatoka itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi na tano ili umeme uliobaki uishe. Mulika ndani kwa tochi ya simu. Unachotafuta ni nyuzi za nguo, mchanga, kipande cha pini kilichovunjikia ndani, au rangi ya kijani inayoonyesha kutu ya shaba. Kama ni vumbi kavu, geuza laptopu ili tundu litazame chini, ulipulizie kwa kipulizio cha mpira kile wanachotumia wapiga picha kusafishia lenzi. Pampu ya baiskeli inafaa, mradi uiweke mbali kidogo na uanze kwa kuipuliza hewani ili maji yaliyomo yatoke. Usipulize kwa mdomo. Pumzi ina unyevu na mate hayakosekani. Na usipeleke laptopu kwa mziba pancha akupulizie kwa kompresa. Nguvu yake ni kubwa kuliko vilimi vinavyoweza kustahimili, na hewa yake imebeba maji na mafuta.

Uchafu ulioganda unahitaji spiriti. Inayofaa ni isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ambayo mafundi simu huwa nayo. Ile ya kusafishia vidonda ya asilimia 70 inaweza kutumika kwa shida, ukikumbuka kwamba karibu theluthi moja yake ni maji na itachukua muda mrefu kukauka. Pombe kali ya dukani haifai, zaidi ya nusu yake ni maji. Mafuta ya taa yanaacha utando wa mafuta, na petroli inaweza kuyeyusha plastiki na kuwaka, kwa hiyo wanaozishauri wasikilizwe kwa heshima kisha wapuuzwe. Hata mafuta ya kupuliza ya kulainishia bawaba na minyororo si dawa ya mguso wa umeme, ingawa kopo lake huzungushwa kila kibanda.

Watu wengi hukimbilia kijiti chenye pamba. Sikipendi, kwa kuwa nyuzi za pamba hukwama kwenye vilimi na kuwa tatizo jipya. Chukua hedifoni mbovu, kata waya, ubaki na pini. Itie matone mawili matatu ya spiriti, uifute ikiwa inachuruzika, kisha iingize na kuitoa polepole mara nyingi ukiizungusha katikati. Pini yenyewe ndiyo inayosugua vilimi, na umbo lake ndilo vilimi vilitengenezewa, kwa hiyo haiwezi kuvipinda. Futa pini kwa kitambaa, uone rangi iliyotoka, rudia hadi itoke safi. Acha laptopu ikiwa wazi saa nzima kabla ya kuiwasha. Sindano, stapo iliyonyooshwa, kibanio cha nywele: vyote viweke mbali. Kilimi kimoja kikipinda kwa nusu milimita umetoka kwenye tatizo la usafi umeingia kwenye tatizo la kipuri.

Kama tochi imeonyesha ncha ya pini iliyovunjikia ndani, usijaribu kuisukuma, utaipeleka mbali zaidi. Wapo wanaotia tone la gundi kwenye mrija wa kalamu na kuugandisha kwenye ncha hiyo ili waivute. Nimeona ikifanya kazi na nimeona gundi ikilifunga tundu moja kwa moja. Njia ya salama ni fundi kuifungua mashine. Baadhi ya matundu yana kitobo kwa nyuma, na ncha inasukumwa kutokea huko kwa sekunde chache.

Baada ya kusafisha, rudia kipimo cha mwanzo. Safari hii iguse pini ikiwa ndani, iyumbishe taratibu juu na chini. Kama sauti inakuja na kupotea, au kama unaona mwili wa tundu unacheza, basi miguu yake imeachia kwenye bodi. Hiyo ndiyo kazi ya waya wa sabufa nilioanza nao. Risasi iliyoshika miguu imepasuka kwa kuvutwavutwa, na mara nyingi haihitaji kipuri chochote, inahitaji fundi mwenye pasi ya kulehemu na mkono uliotulia airudishie risasi.

Namna unavyozungumza na fundi inaamua utalipa nini. Ukifika Mbulu mjini, Dongobesh au Haydom na kusema, "Fundi, laptopu haina sauti," umempa ruhusa ya kubadilisha chochote. Sema hivi: "Fundi, hedifoni zinatoa sauti, spika za ndani hazitoi, na Windows inaonyesha hedifoni zimo wakati hazimo. Nimejaribu na Ubuntu, ni vilevile. Naomba uangalie tundu kwanza kabla ya spika." Fundi mwenye ujuzi atafurahi, umemfanyia nusu ya kazi. Mwombe apime kwa mita iliyowekwa kwenye mlio: akigusa miguu ya swichi ya tundu, mita inapaswa kulia katika hali moja na kunyamaza katika nyingine, pini ikiwa ndani na ikiwa nje. Isipobadilika, tundu ni bovu na hamna haja ya mabishano. Fundi anayesema bodi imekufa bila kupima miguu hiyo, mshukuru, funga begi lako.

Ikibidi kubadilisha, uliza tundu limekaa wapi. Katika laptopu nyingi limelehemiwa kwenye bodi kuu. Katika nyingine liko kwenye bodi ndogo ya pembeni, pamoja na matundu ya USB, iliyounganishwa na bodi kuu kwa waya bapa kama utepe. Wenye laptopu za aina hii ya pili wamebahatika: bodi ndogo inachomolewa na nyingine inachomekwa bila risasi wala moto. Kwa wale wa kwanza, matundu hayafanani. Idadi ya miguu na nafasi zake hutofautiana hata kwa laptopu za kampuni moja. Fundi alitoe tundu la zamani kwanza, alipige picha na kuhesabu miguu, ndipo alitafute. Kununua kwa kukisia kunazaa safari mbili. Na betri ichomolewe kwenye bodi kabla ya chuma chochote kugusa humo ndani.

Tundu lisipopatikana kuna njia ya mkato ambayo fundi mzuri anaijua: kuutenganisha mguu wa taarifa ili laptopu isisikie tena habari za pini. Spika za ndani zinarudi. Hasara yake ni kwamba mashine haitatambua yenyewe hedifoni zikichomekwa. Asiifanye kwa kubahatisha, kwa kuwa kuna matundu ambayo swichi yake hufungwa pini ikiingia na mengine hufunguka, na ukikata kwenye lile la pili utaifanya laptopu iamini kwamba pini imo milele.

Kwa wenye steshenari na viongozi wa kwaya nina pendekezo ambalo ningelitoa hata tundu likiwa zima. Nunueni kadi ndogo ya sauti ya USB, kile kidude cha ukubwa wa flashi chenye matundu mawili, la hedifoni na la maiki. Laptopu inakihesabu kuwa kifaa kingine cha sauti, haitumii tundu la ubavuni kabisa. Sabufa iunganishwe hapo siku zote. Likivunjika, limevunjika tundu la kidude cha bei ndogo. Tumieni na kipande kifupi cha waya wa kurefusha USB, la sivyo mvuto mtauhamishia kwenye tundu la USB na tutarudi hapahapa. Bluetooth ni nzuri kwa kusikiliza, ila sauti yake huchelewa kidogo. Anayepanga sauti za kwaya kwenye kompyuta, akilinganisha besi na soprano, ataichukia kabla ya mchana.

Na waya wenyewe uufunge kwenye mguu wa meza kwa kamba au kibanio, ukiacha kipande kilicholegea kati ya hapo na laptopu. Mtu akiukwaa, meza ndiyo ivutwe. Ukiuchomoa shika kichwa cha pini, usishike waya. Ukiihamisha mashine hata kutoka meza hii kwenda ile, chomoa kwanza. Tundu lisilotumika wakati wa kiangazi lizibe kwa kizibo cha mpira kinachouzwa na wauza makava ya simu, ila hakikisha ni kile kifupi cha kufunika tu. Kirefu chenye umbo la pini kitaifanya laptopu idhani hedifoni zimo, na utakuwa umejitengenezea ugonjwa tuliokuwa tunautibu.

Anayenunua laptopu ya mtumba aende dukani na hedifoni zake, ikiwezekana zile zenye maiki, ambazo pini yake ina mistari mitatu badala ya miwili. Wengi wetu tunakagua skrini, betri na kibodi, tunacheka tukikuta Z na Y zimebadilishana nafasi kwa sababu mashine ilianza maisha Ujerumani, kisha tunalipa. Cheza wimbo kwanza bila hedifoni, usikilize kushoto na kulia. Chomeka, spika zinyamaze. Chomoa, spika zirudi bila kuguswa kitu. Rudia mara kadhaa, safari moja ukiiyumbisha pini. Fungua programu ya kurekodi, sema maneno mawili kwenye maiki ya hedifoni uyasikilize. Ukisikia mkwaruzo au spika zikichelewa kurudi, hilo ni punguzo la bei au ni mashine ya kuiacha mezani, na muuzaji akikuambia ni mipangilio tu ya Windows, mwombe airekebishe hapohapo kabla hujatoa hela mfukoni.